Hans Meyer: Mjerumani aliyeisoma barafu ya Kibo

Katika vitabu vya historia vya Afrika Mashariki, jina la Hans Meyer hutajwa kwa sababu moja tu: tarehe 6 Oktoba 1889 alifika kwenye kilele cha juu kabisa cha mlima Kilimanjaro, akawa mtu wa kwanza ambaye kufika kwake kumeandikwa. Jambo la pili alilolifanya halitajwi mara nyingi, ingawa leo ndilo lenye uzito mkubwa zaidi. Alirudi mlimani mwaka 1898, akailinganisha barafu aliyoiona na ile aliyoiacha, akabaini kwamba ilikuwa inarudi nyuma.

Tangu wakati huo vyuo vikuu na mashirika ya sayansi kutoka mataifa mbalimbali yamepanda Kibo kufuata hesabu aliyoianza. Baadhi yao walikuja kupima barafu hiyo kwa kitu ambacho Meyer asingeweza kukiwaza: mabaki ya mionzi ya mabomu ya nyuklia yaliyolipuliwa katika bahari ya Pasifiki.

Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji mdogo wa Hildburghausen, katikati ya Ujerumani. Babu yake, Joseph Meyer, alikuwa ameanzisha kampuni ya uchapishaji iliyotoa kamusi elezo mashuhuri yenye jina la familia hiyo, na mwaka 1874 kampuni ilihamia Leipzig, mji uliokuwa kitovu cha biashara ya vitabu. Kijana Hans alikua katika nyumba ambamo maarifa yalikuwa mali na mali ilikuwa maarifa. Fedha za vitabu ndizo zilizolipia safari zake zote.

Masomo yake ya chuo kikuu hayakuhusu milima wala barafu. Shahada yake ya udaktari ilihusu chama cha masonara wa Strassburg wa zama za kale. Baada ya hapo alifunga safari ya kuizunguka dunia, na aliporudi aliingia katika uongozi wa kampuni ya familia mwaka 1884. Huo ndio mwaka ambao Ujerumani ilianza kujitwalia makoloni barani Afrika. Kwa Mjerumani kijana, tajiri na mwenye elimu, mlima mrefu kuliko yote barani uliokuwa umeangukia upande wa Ujerumani katika ramani zilizochorwa Ulaya ulikuwa kishawishi kikubwa.

Mlima huo ulikuwa na historia yake ya ubishi. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kibo akasema ni theluji. Kiongozi wa msafara wake, mtu wa pwani, aliuita weupe ule baridi, basi. Na huenda hakuna neno lililofaa zaidi. Lakini huko London wataalamu waliokuwa hawajafika Afrika walimcheka Rebmann, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na mstari wa ikweta. Ilichukua zaidi ya miaka 10, na safari za Baron Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862, kwa ubishi huo kuanza kuzimika. Wachagga, ambao mito yao ilishuka kutoka huko juu na ambao mifereji yao ilimwagilia migomba tangu enzi za mababu, hawakuulizwa.

Safari ya kwanza ya Meyer ilikuwa mwaka 1887. Alifika mahali barafu inapoanzia, katika kimo cha kiasi cha mita 5,500, akakuta ukuta wa barafu asioweza kuupanda kwa zana alizokuwa nazo. Alishuka akiwa ameshindwa, ila alikuwa amejifunza jambo moja: tatizo la Kibo lilikuwa chakula na muda kuliko ujasiri. Mtu alipaswa kuweza kukaa juu kwa siku nyingi, ajaribu, ashindwe, ajaribu tena.

Mwaka uliofuata alirudi na msafara mkubwa, akiwa pamoja na Mwaustria Oscar Baumann. Walichagua wakati mbaya. Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake katika miji ya pwani, na Pangani ikalipuka. Wenyeji wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliinuka kupinga kunyang'anywa mamlaka na biashara yao. Wapagazi wa Meyer walimtoroka, na yeye na Baumann walikamatwa walipokuwa wakijaribu kurudi pwani kutoka Usambara. Walifungwa minyororo, wakanyang'anywa vifaa vyao vyote vya upimaji, wakaachiliwa baada ya kulipa fidia.

Masimulizi ya Wazungu wa wakati ule yalikieleza kisa hicho kama unyang'anyi wa kawaida, bila kuona kwamba msafara wenye vyombo vya kupimia ardhi, ukipita katika nchi ambayo wageni wametangaza kuwa ni yao, si msafara wa sayansi machoni mwa mwenye nchi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, miezi miwili na siku chache baada ya Meyer kusimama juu ya Kibo.

Kupanda Kibo

Safari ya tatu ndiyo iliyomletea sifa. Kwa kuwa pwani ya Wajerumani ilikuwa vitani, Meyer aliingia kupitia Mombasa na Taveta, upande wa Waingereza. Alifuatana na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg nchini Austria, aliyekuwa mmoja wa wapanda milima hodari kabisa wa Ulaya. Huko Marangu walipokewa na Mangi Mareale, mtawala kijana aliyejua kwamba urafiki na Wajerumani ungempa nguvu mbele ya watawala wenzake wa Uchaggani.

Mpango wa safari hii ulijengwa juu ya somo la mwaka 1887. Kambi iliwekwa katika kimo cha mita 4,300 hivi, na wapagazi walipanda kutoka Marangu kila baada ya siku chache wakileta chakula na kuni. Aliyebaki kambini na Wazungu hao wawili kwa siku zote zile za baridi kali alikuwa Muini Amani, mtu wa Pangani. Alipika, alilinda mahema, na alistahimili usiku ambao maji yaliganda ndani ya vyombo, tena akiwa na mavazi mepesi kuliko ya mabwana zake. Pasipo yeye na wale wapagazi wa Marangu, mbinu ya Meyer isingekuwa na maana yoyote.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walipanda kwa mara ya kwanza. Walitumia saa nyingi wakichonga ngazi kwa shoka katika mteremko wa barafu ngumu kama kioo, ambao Meyer aliuita kwa jina la Friedrich Ratzel, mwanajiografia wa Leipzig. Walifika ukingoni mwa shimo la volkano mchana, wakaona kwamba sehemu ya juu kabisa bado iko mbali upande wa kusini. Nguvu zilikuwa zimewaishia. Walishuka, wakapumzika, na safari hii wakalala pangoni karibu zaidi na barafu. Ngazi walizokuwa wamezichonga zilikuwa bado zipo. Asubuhi ya tarehe 6 Oktoba, siku ambayo Purtscheller alitimiza miaka 40, walisimama juu ya kilele kabla ya saa tano.

Meyer alikipa kilele hicho jina la mfalme wake, Wilhelm. Aliokota jiwe la juu kabisa akalipeleka Ujerumani, na jiwe hilo likatiwa katika ukuta wa ukumbi wa kasri la mfalme huko Potsdam, kana kwamba mlima wenyewe umehamishwa. Jina lilidumu hadi Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge wa Tanganyika huru, na kilele kikaitwa Uhuru. Naye Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetambuliwa nchini Tanzania kuwa ndiye kijana aliyewaongoza wageni wale kupita msituni, aliheshimiwa rasmi mwaka 1989, wakati wa maadhimisho ya miaka 100 ya safari hiyo. Aliaga dunia mwaka 1996.

Kurudi mwaka 1898

Laiti Meyer angeishia hapo, angekuwa mmoja tu wa Wazungu wengi wa karne ile waliopanda, wakapachika majina, wakaenda zao. Lakini mwaka 1898 alirudi, akifuatana na mchoraji Ernst Platz, kwa nia ya kuuzunguka mlima na kuichunguza barafu yake pande zote.

Barafu ya Kibo haikuwa kifuniko kimoja kilichotulia. Sehemu zake zilizoning'inia mitelemkoni zilikuwa zikishuka polepole kwa uzito wake zenyewe, kama mto unaotembea kwa mwendo usioonekana kwa macho, na ndiyo maana huitwa mito ya barafu. Meyer aliichora, akaipiga picha, akaandika inapoishia. Mingi aliipa majina ya maprofesa wa Ujerumani, na majina hayo, kama Credner na Drygalski, yamo katika ramani hadi leo, hata pale ambapo barafu yenyewe imekwisha.

Alipolinganisha na kumbukumbu zake za mwaka 1889, tofauti ilikuwa wazi. Barafu ilikuwa imerudi nyuma pande zote, na pengo alilolipitia kuingia katika shimo la volkano, ambalo sasa lina jina lake, lilikuwa limepanuka sana. Miaka 9 ni kidogo mno katika maisha ya mlima. Meyer hakulifumbia macho jambo hilo: aliona kwamba mwendo ule ukiendelea, Kibo ingebaki bila barafu. Wakati huohuo aliona chini zaidi, katika mabonde yaliyokuwa makavu, vifusi vya mawe ambavyo barafu peke yake ndiyo huvisukuma na kuvipanga. Kwa hiyo alijua kwamba zamani sana barafu ilikuwa imeshuka chini kuliko wakati wake. Ili kuona kama hali ilikuwa hivyo kwingineko katika ikweta, alikwenda hadi milima ya Ecuador, Amerika Kusini, mwaka 1903.

Kitabu chake kikubwa juu ya Kilimanjaro kilitoka mwaka 1900. Mwaka huohuo, mwezi Machi, watawala wa Kijerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wenzake. Meyer hakuhusika na kitendo hicho, lakini hakuwa mtu wa pembeni katika mradi wa ukoloni. Alikuwa mtetezi wake, alihariri kazi kubwa juu ya makoloni ya Ujerumani, na kuanzia mwaka 1915 alishika kiti cha profesa wa jiografia ya makoloni katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Kwa mali yake alinunua pia sanaa za shaba za Benin zilizoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897, nyingi zikaingia katika jumba la makumbusho la mji wake. Miaka 4 baada ya kupewa kiti hicho, Ujerumani ilipoteza makoloni yake yote. Alifariki dunia Leipzig tarehe 5 Julai 1929, akiwa profesa wa nchi ambazo hazikuwa tena za taifa lake.

Waliofuata nyayo

Kumbukumbu zake zilikuwa na bahati kuliko siasa zake. Mwaka 1912 Wajerumani wengine wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, waliipima Kibo kwa kutumia picha, na ramani iliyotokana na kazi yao ndiyo msingi wa hesabu zote za baadaye. Kwa mujibu wa ramani hiyo, barafu ilikuwa imefunika zaidi ya kilomita 11 za mraba. Katika miaka ya 1950 Chuo Kikuu cha Sheffield cha Uingereza kilituma wanajiolojia. Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 hadi 1958, uliwaleta watafiti katika barafu ya mlima Kenya pia, na upande wa Uganda wasomi wa Makerere walikuwa wakiifuatilia barafu ya Rwenzori.

Miaka hiyohiyo kitu kingine kilikuwa kikianguka kutoka angani. Tarehe 1 Novemba 1952 Marekani ililipua bomu lake la kwanza la haidrojeni katika kisiwa cha Enewetak. Mlipuko ulibadilisha klorini iliyomo katika chumvi ya bahari kuwa klorini-36, aina yenye mionzi, ukairusha juu sana, na upepo ukaisambaza duniani kote. Kila mahali theluji ilipoanguka na kudumu, tabaka la mwaka ule lilibaki na alama hiyo. Majaribio yaliyofuata ya Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza yaliongeza alama nyingine, hasa tritiamu, hadi mkataba wa mwaka 1963 ulipozuia milipuko ya angani kwa nchi zilizoutia saini. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, likishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lilikusanya maji ya mvua kutoka pembe zote za dunia ili kufuatilia tritiamu na isotopu nyingine. Entebbe na Dar es Salaam zilikuwa miongoni mwa vituo hivyo. Mvua iliyonyeshea mashamba ya Afrika Mashariki ilibeba alama ya silaha za mataifa ambayo hata hayakupakana nayo.

Kwa mtaalamu wa barafu, uchafu huo ulikuwa saa. Ukikata nguzo ya barafu na kukuta alama ya mionzi, unajua tabaka lile ni la mwaka gani, na unaweza kuhesabu kwenda juu na chini.

Mapema mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake wa Kituo cha Byrd cha Utafiti wa Ncha za Dunia, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, walipanda Kibo na mitambo ya kuchimba. Kama ilivyokuwa kwa Meyer, mizigo ilipanda juu ya mabega ya wapagazi. Walitoa nguzo 6 za barafu, ndefu zaidi zikikaribia mita 50 au kuzidi kidogo, hadi kwenye mwamba. Kwa makadirio yao, barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka 11,700 hivi. Ndani yake walikuta pia vumbi la ukame mkali wa miaka 4,200 iliyopita, ambao barafu iliustahimili. Klorini-36 ya mwaka 1952 waliikuta pia: mita 1.6 tu chini ya uso wa barafu ya kaskazini.

Timu ya Thompson ilitabiri kwamba barafu ya Kibo ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Haikuwa hivyo; miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo. Wataalamu wengine, akiwamo Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, walipinga pia maelezo mepesi kwamba joto la hewa peke yake ndilo linaloiyeyusha. Juu ya Kibo hewa kwa kawaida huwa chini ya nyuzi sifuri. Hoja yao ni kwamba tangu kiasi cha mwaka 1880 Afrika Mashariki ilikauka: maji ya ziwa Victoria yalishuka, theluji ikapungua, na jua likawa linaila barafu moja kwa moja na kuigeuza mvuke bila kuwa maji kwanza. Kama ni hivyo, Meyer alifika barafu ikiwa imeshaanza kuondoka, kabla ya moshi wa viwanda kulipasha dunia joto kwa kiwango cha leo. Thompson naye alijibu kwamba dalili za kuyeyuka na kuganda tena zilizoko karibu na uso wa nguzo zake hazionekani popote chini zaidi. Hoja hizo mbili hazifutani, na wanaotumia Kibo kama bango la kampeni, wa upande wowote, wangefanya vyema kuzisoma zote.

Kupungua kwenyewe hakuna anayekubishia. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kwamba kufikia mwaka 2011 ilibaki kilomita 1.76 za mraba, yaani asilimia 85 ya barafu ya mwaka 1912 ilikuwa imekwisha. Ule mteremko wa Ratzel ambao Meyer na Purtscheller waliuchonga ngazi kwa shoka sasa ni mawe na vumbi. Mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu ya maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, ikiwamo ya Kilimanjaro na mlima Kenya, huenda ikatoweka ifikapo mwaka 2050. Wakulima wa mitelemko ya Uchagga hawatakosa maji kwa sababu hiyo peke yake, maana sehemu kubwa ya maji yao hutoka katika mvua na ukungu unaonaswa na msitu, na mchango wa barafu ni mdogo. Kitakachopotea ni maandishi.

Sehemu ya maandishi hayo imeshapotea. Mwaka 2009 timu ya Ohio ilitangaza kwamba tangu mwaka 2000 barafu ya kaskazini ilikuwa imepoteza takriban mita 2.5 kutoka juu. Tabaka la mwaka 1952, lenye mionzi ya bomu la Enewetak, lilikuwa ndani ya mita hizo. Juu ya Kibo halipo tena. Lililobaki limo katika nguzo zilizochimbwa mwaka 2000, ndani ya ghala la baridi katika mji wa Columbus, Ohio.